Kadi Tatu kwa Kila Maana

Kuna watu hurithi shamba, kuna watu hurithi ng'ombe. Bi Kadi alikabidhiwa neno. Tena si neno la kutamba nalo mbele za watu, bali neno dogo la Kiingereza lenye herufi tatu, "get", ambalo hata mtoto wa darasa la tatu analijua, au anadhani analijua. Alikabidhiwa neno hilo akiwa na miaka thelathini na mitatu, nywele nyeusi tititi, na mkuu wa idara wa wakati ule alimwambia alimalize kabla ya mwisho wa mwezi. Alipofikisha miaka hamsini na tisa alikuwa bado nalo, na mkuu yule alikuwa amekwisha zikwa zamani.

Usicheke kwanza. Idara ya Kamusi siku hizo ilikuwa na watu saba, kila mmoja na herufi zake, na kazi yao ilikuwa kutunga kamusi kubwa ya Kiingereza na Kiswahili, ambayo mwanafunzi, karani na nesi wangeweza kuitegemea. Iliyokuwepo ilikuwa kamusi ndogo ya kutia mfukoni, iliyotungwa haraka haraka na watu ambao nadhani walikuwa na safari. Watoto waliibeba shuleni, wakaandika kwenye mitihani kwamba babu "amepata mzee" na kwamba nje "kunapata giza". Walimu wakawakata alama, na mtoto akaonekana mjinga kwa kosa la kitabu. Bi Kadi aliziona karatasi hizo za mitihani kwa macho yake, na zilimuuma kana kwamba watoto wale ni wake.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Unasoma chochote kilichoandikwa kwa Kiingereza: gazeti, barua, kitabu cha shule, maelezo ya dawa, karatasi inayokuja na pasi mpya. Ukilikuta neno lako unanakili sentensi nzima kwa penseli juu ya kadi, unaandika umeitoa wapi na tarehe gani, kisha chini yake unaandika Kiswahili chake. Kadi moja, sentensi moja. Na maana haiingii kwenye kamusi mpaka iwe na kadi tatu kutoka sehemu tatu tofauti. Uliyoyasikia kwa masikio hayahesabiwi, hata kama umeyasikia kwa mama yako mzazi.

Kadi zenyewe zilikatwa kutoka karatasi zilizokwisha tumika, kwa sababu mkuu yule wa kwanza alikuwa bahili wa karatasi kupita kiasi. Tangazo la mkutano likishapitwa na wakati lilikatwa vipande vinne. Fomu ya likizo, mtihani wa zamani, waraka kutoka juu, vyote vilipita kwenye kisu. Upande mmoja wa kadi ulikuwa umechapwa kwa mashine na pengine kupigwa mhuri; upande wa pili ulikuwa mweupe, na huo ndio wa penseli. Baadaye karatasi nyeupe zikaja tele, lakini mazoea yana taabu, na watu wa idara waliendelea kukatakata yale yale ya zamani.

Neno hili lilikuwa na vituko. Sisi mtu akinyeshewa, analowa. Akikaa juani, anakauka. Miaka ikimzidi, anazeeka. Jua likizama, kunakuchwa. Mtu anafika nyumbani, anaelewa mzaha, anashikwa na homa, anaoa au anaolewa, anamwondokea mwenzake, anamsumbua jirani yake mpaka amtilie saini. Kila jambo tumelipa kitenzi chake, likakaa kwake kwa heshima. Kiingereza kina kijineno hiki kimoja, kinatumwa kila mahali, asubuhi kinafagia, mchana kinapika, jioni kinalinda mlango. Bi Kadi alikionea huruma, naye akaapa kwamba kila kazi kinayoifanya ataitafutia jina lake kwa Kiswahili. Akafikisha maana sitini na moja. Kadi zilikuwa elfu nne mia mbili na kumi na nane, zimefungwa kwa raba na kupangwa ndani ya maboksi ya viatu, katika kabati la chuma kwenye chumba cha ghorofa ya tatu chenye dirisha lisilofunga.

Maisha mengine aliyaishi kwa vipande. Aliolewa mara moja, na mume alivumilia miaka minne kisha akawaambia wazee kwamba hawezi kugombea nafasi na herufi tatu. Aliondoka bila matusi. Baada ya hapo Bi Kadi aliishi na mdogo wake wa tumbo moja, fundi cherehani, katika vyumba viwili nyuma ya barabara ya maduka. Chumba cha mbele kilikuwa cha mashine, vitambaa na wateja. Cha ndani kilikuwa cha kulala. Mdogo mtu hakusoma sana, lakini alikuwa na adabu ya kazi, na aliielewa kazi ya dada yake kwa njia yake mwenyewe. Kila alipofungua mfuko wa dawa au kifurushi cha sindano chenye maandishi ya kizungu, aliikunjua ile karatasi ya ndani na kuiweka chini ya sufuria ya chai ili dada aikute.

"Limo?" angeuliza.

"Limo mara mbili," Bi Kadi angejibu, na wote wawili wangefurahi kama waliookota kitu njiani.

Kazini walimtania. "Mama, bado uko na lile lile?" Naye alijibu, "Nyinyi mko na wake zenu wale wale, mbona siwaulizi?" Wakacheka, wakaondoka, na kweli waliondoka, kwani mwaka hadi mwaka watu wa idara walipungua. Mmoja alistaafu, mwingine akafa, wawili wakapata kazi zenye viti vya kuzunguka. Bi Kadi alipandishwa akawa mkaguzi wa kadi za wenzake, na hapo ndipo alipokosana na bwana wa herufi H.

Bwana huyu alikuwa mchapakazi. Alikuwa na maana moja nzuri mno ya neno moja, aliyoihangaikia miaka miwili, lakini alikuwa na kadi mbili tu. Ya tatu aliisikia kwa daktari mgeni, akamwomba aiandike, daktari akasahau, kisha akarudi kwao.

"Mama, wewe mwenyewe unajua maana hii ipo," alimwambia.

"Najua. Lete kadi."

"Unajua, halafu unaikataa?"

"Leo nikikupitishia hii kwa kuwa naijua, kesho nitampitishia mwingine asichokijua. Lete kadi, ndugu yangu."

Hakuwa nayo. Maana ile ilitupwa, na mwaka uliofuata bwana H aliacha kazi akaenda kufundisha. Hakumuaga. Bi Kadi alisema haki ni haki, akalisema kwa sauti kubwa kidogo kuliko ilivyohitajika, na kwa muda mrefu alikuwa akipita mbele ya meza ile tupu bila kuitazama.

Mwishowe alibaki yeye, tarishi na mkuu mpya. Mkuu huyu alikuwa mtu wa miaka arobaini, msafi, mwenye salamu. Hakuwa mtu mbaya, na laiti angekuwa mbaya ingekuwa rahisi kwangu kuisimulia habari hii. Mwanzoni mwa mwaka ule alileta habari mbili kwa pamoja. Ya kwanza, kamusi kubwa itachapishwa mwaka huo huo; maneno mengine yamekwisha andikwa, na ambalo halitamalizwa litakatwa. Ya pili, jengo linatakiwa kurudishwa kwa wenyewe mwisho wa mwezi, na ofisi mpya haina chumba cha makabati. Kadi zote zitapigwa picha, zitaingizwa kwenye kompyuta, na karatasi zenyewe zitapelekwa kiwanda cha trei za mayai.

"Hakuna kitakachopotea, mama," alisema. "Utazisoma kwenye kioo, tena kubwa, bila miwani."

Bi Kadi hakupinga. Alikuwa amebakiza miezi minane kustaafu, na alichokitaka duniani kilikuwa kimoja tu: neno lake liingie kitabuni likiwa na maana zake sitini na moja, mtoto alikute, asikatwe alama tena. Kadi zikiwa picha au zikiwa karatasi, hilo halikumsumbua. Kilichomsumbua ni jicho la kulia. Lilikuwa limeota mtoto wa jicho, kadi za zamani alizisoma kwa kuziegemeza kwenye pua, na hospitali ilikuwa imempa zamu ya upasuaji wiki ile ile ya kupiga picha. Zamu nyingine ilikuwa baada ya mwaka. Mkuu akamwambia aende, mdogo wake akamwambia aende, na daktari alimwambia akishafanyiwa asiiname na asisome kwa wiki tatu.

Kabla ya kuondoka aliandika maagizo kwa wale watakaopiga picha, akayabandika kwenye mlango wa kabati. Yalikuwa mistari tisa. Msichanganye maboksi. Msilambe vidole. Raba ikikatika fungeni kwa uzi. Kadi mbili zikigandana zitenganisheni kwa ukucha, si kwa wembe. Hesabuni kila boksi kabla na baada. Alifikiria kila baya linaloweza kuipata karatasi. Jambo moja hakuliandika, kwa sababu kwa miaka ishirini na sita hakuna aliyeingia chumba kile akahitaji kuambiwa: kadi ina upande gani wa kusoma.

Jicho lilifanikiwa. Alikaa nyumbani wiki tatu na kitambaa usoni, akisikiliza cherehani ya mdogo wake, akipanga kichwani atakavyoanza. Atafungua na maana ya kufika, si ya kupokea. Hapo kamusi zote hukosea. Siku ya kurudi kazini alivaa gauni jipya aliloshonewa na mdogo wake kwa siri.

Ofisi mpya ilikuwa na zulia. Fundi wa kompyuta, baba wa watoto wawili, mpole, alimvutia kiti na kukifuta vumbi lisilokuwepo.

"Pole na jicho, mama. Linaona?"

"Linaona. Nionyeshe watoto wangu."

"Wote wapo. Elfu nne mia mbili na kumi na nane, tumehesabu mara mbili kama ulivyoagiza. Hata kidole hatukulamba." Akacheka, na Bi Kadi naye akacheka.

Picha ya kwanza ilisema: "wote mnaombwa kuhudhuria bila kukosa. Viburud". Ya pili ilikuwa robo ya fomu ya likizo ya uzazi. Ya tatu ilikuwa swali la hesabu, mkulima ana magunia arobaini. Ya nne, mhuri.

"Hizi ni za nyuma," alisema. "Nionyeshe za mbele."

"Hizi ndizo za mbele, mama."

"Za penseli."

Fundi alimtazama, kisha akatazama kioo. Alijaribu kueleza taratibu, akiona kuwa jambo limeharibika ingawa hajui ni lipi. Mashine yao inapiga upande mmoja. Walijadiliana siku ya kwanza. Upande mmoja umechapwa vizuri, una mihuri ya idara na tarehe. Upande wa pili umechorwachorwa penseli. Wakaona dhahiri kwamba kumbukumbu za ofisi ni zile zenye mhuri.

"Hamkuona kuwa ni Kiingereza na Kiswahili?"

"Tuliona, mama. Tukasema labda mtoto wa mtu alikuwa anajifunzia kuandika."

Hapo Bi Kadi aliona haya. Si hasira, hasira ilichelewa, na ilipofika haikumkuta mtu wa kumshukia. Aliona haya kwa sababu mwandiko ulikuwa wake, na kwa sababu kosa, akilichambua kwa haki kama alivyozoea kuchambua kadi za watu, lilikuwa na mlango wake pale kwenye ile mistari tisa. Aliuliza maboksi yako wapi. Fundi akasema lori lilikuja Jumanne ya wiki iliyopita.

Alikwenda kiwandani siku hiyo hiyo, kwa miguu, na gauni jipya. Kilikuwa uwanja wenye mabati juu na maji chini, tangi kubwa katikati, na ndani ya tangi rojo la kijivu likizunguka polepole. Pembeni trei za mayai zilipangwa juani, mamia kwa mamia. Msimamizi alikuwa mwanamke mwenye mabuti ya mpira. Alimsikiliza mpaka mwisho, na baada ya kumsikiliza alizima mashine, jambo ambalo hakulazimika kulifanya. Kulikuwa na lundo la karatasi ambalo halijaingia majini. Yeye, Bi Kadi na vibarua wanne walilichambua kwa saa mbili. Yalikuwa magazeti, makaratasi ya saruji na vitabu vya risiti. Kadi haikuonekana hata moja.

"Labda zile za juu ya boksi zilidondoka njiani," Bi Kadi alisema.

"Labda, dada yangu. Lakini nikudanganye nipate nini? Karatasi ikishaingia majini haina mwenyewe."

Aliwashukuru kila mmoja, akaondoka mikono mitupu. Njiani alisimama mara moja akiwa hana sababu, watu wakampita, kisha akaendelea. Mdogo wake alipomwona mlangoni aliachia kitambaa.

"Dada, miguu imekuwaje?"

"Tope."

"Tope la wapi na mvua haijanyesha?"

"Bomba limepasuka kule kazini."

Uongo huo wa kwanza uliufungulia njia mwingine wote. Angemwambia nini mtu aliyekunjua karatasi za dawa kwa miaka ishirini? Alijiambia atasema kesho, na kesho yake akajiambia vivyo hivyo.

Mkuu alipopata habari alishika kichwa kwa mikono miwili. Aliomba radhi, tena kwa dhati, akaagiza chai, akafunga mlango.

"Mama, sikiliza. Neno hili umelala nalo na kuamka nalo. Limo kichwani. Kaa uliandike upya, tuna wiki mbili kabla ya kupeleka kiwanda cha uchapaji."

"Na kadi?"

"Nani atauliza kadi? Waliokuwa wakiuliza ni wewe. Maana unazijua, sentensi tunga. Huo si wizi, unatunga ulichokwisha kukiona."

Maneno yake yalikuwa na busara, na Bi Kadi aliyabeba mpaka nyumbani. Alisogeza vitambaa kwenye meza ya mdogo wake akaketi na daftari. Siku ya kwanza aliandika maana ishirini na mbili bila kuinua kichwa, na moyo ukaanza kumrudia. Siku ya tatu alifika thelathini na tano. Siku ya tisa alifika arobaini na saba, akakwama hapo. Alijua ziko nyingine kumi na nne kwa sababu aliijua hesabu, lakini kila alipozitafuta zilikuja zile zile za mwanzo zimebadili nguo.

"Unamalizia?" mdogo wake aliuliza akipitisha uzi kwenye sindano.

"Namalizia."

"Mungu mkubwa."

Ndipo akaingia kwenye sentensi. Kadi zake zilikuwa na sauti za watu: wakili mmoja mwenye kiburi, kiwanda cha pasi kinachoogopa mteja asiungue, mama aliyemwandikia mwanawe kwamba nyumba imekuwa baridi. Sasa alipotunga, watu wote walisema kwa sauti yake yeye. Kila sentensi ilikuwa na mama anayekwenda sokoni. Alifuta, akatunga tena, mama akarudi sokoni. Na pale alipoandika mfano wa kumi na mbili, na pembeni yake, kwa mazoea ya mkono tu, akaanza kuandika umetoka kitabu gani na tarehe gani, kalamu ilisimama. Hakukuwa na kitabu. Alimkumbuka bwana wa herufi H amesimama mbele ya meza yake na kadi mbili mkononi, mbili za kweli, ambazo yeye alizikataa.

Mimi ningeandika. Nadhani na wewe ungeandika, ukalala usingizi mzuri, na watoto wangefaidi. Na ingawa nilimfahamu Bi Kadi, hata leo ninapoikumbuka siku ile natamani kumkamata mabega na kumtikisa. Lakini mtu akiishi na kipimo kimoja miaka ishirini na sita, akawapimia nacho wenzake wakalia, hana tena pa kukiweka kinapomgeukia yeye. Alilifunga daftari. Siku ya mwisho alikwenda kwa mkuu, akasimama, hakukaa.

"Sina kadi," alisema.

"Mama, tumekwisha lizungumza hili."

"Maana isiyo na kadi haiingii."

Mkuu alivua miwani. "Unaniadhibu mimi, au unajiadhibu wewe?"

"Simwadhibu mtu. Nilimkatalia mwenzangu aliyekuwa na mbili. Mimi sina hata moja."

"Basi itabidi niweke ile ya kamusi ndogo ya zamani. Sina jingine la kufanya."

"Weka."

Alitoka akashuka ngazi polepole, ngazi moja moja, mkono ukutani. Nitasema ukweli aliouficha hata kwa mdogo wake: alikuwa anangoja kuitwa. Alitaka mkuu atoke mlangoni amwambie mama rudi, acha ukaidi, lete hilo daftari, dhambi ni yangu. Angerudi mbio. Alifika chini, akasimama kidogo mbele ya mlinzi kana kwamba anatafuta kitu ndani ya mkoba. Hakuna aliyeita. Mkuu alikuwa mtu wa heshima, na aliiheshimu kauli yake.

Alistaafu mwezi wa nane. Walimpa saa ya ukutani na hotuba fupi. Nyumbani alimsaidia mdogo wake kukunja pindo na kushona vifungo, na jicho lake jipya lilikuwa zuri kweli, liliona tundu la sindano bila taabu. Kuhusu neno alisema tu kwamba liko kiwandani, na mdogo wake hakuhoji, kwa sababu hata yeye nguo ikishakwenda kwa mteja huwa haiongelei.

Kamusi ilifika miezi mitano baadaye, imeletwa na dereva wa ofisi, imefungwa kwenye karatasi ya kaki. Ilikuwa nene, ya jalada gumu. Bi Kadi aliiweka juu ya meza bila kuifungua, akasema anakwenda kujinyoosha, mgongo unamuuma. Alijilaza chumba cha ndani, macho darini. Mlango kati ya vyumba ulikuwa pazia, kwa hiyo alisikia karatasi ikifunguliwa, kisha kurasa, kisha kimya cha mtu anayefuata herufi kwa kidole.

"Dada."

"Naam."

"Nimelipata. G, E, T. Ndilo?"

"Ndilo."

Ukurasa uligeuzwa, ukarudishwa.

"Limeandikwa 'pata, pokea'. Halafu linakuja neno jingine. Huku mbele haliendelei?"

"Haliendelei."

"Mstari mmoja?"

"Mmoja, mdogo wangu."

Cherehani haikuanza. Bi Kadi alingoja swali linalofuata, na safari hii alikuwa tayari kulijibu lote, kuanzia kabati mpaka tangi. Lakini mdogo wake alikuwa akifikiri kwa namna ya watu wanaopenda, ambao hutafuta sababu nzuri kwanza.

"Basi lilikuwa gumu mno," alisema mwishowe. "Miaka yote ile, likakaa mstari mmoja. Mimi nilidhani kazi ya kamusi ni kurefusha, kumbe ni kupunguza."

Bi Kadi alifungua kinywa. Mlango wa mbele ukabishwa, mteja akaingia kuchukua sketi yake, wakasalimiana, sketi ikakaguliwa, zipu ikapandishwa na kuteremshwa. Kisha akasikia sauti ya mdogo wake, ile ya fahari ambayo hakuwahi kuitumia hata kwa nguo alizozishona yeye mwenyewe.

"Hebu njoo uone. Huu mstari hapa, weka kidole. Huu kauandika dada yangu."

"Huu wote?" mteja aliuliza.

"Wote. Kapumzika tu ndani, amechoka."

Bi Kadi aliinuka akakaa ukingoni mwa kitanda. Hata huo mmoja haukuwa wake. Ulikuwa wa wale watu wenye safari, na ilitosha kusogeza pazia na kusema hivyo, sentensi moja fupi. Alitazama pazia kwa muda. Halafu mteja akasema limeandikwa vizuri, linaeleweka, na mdogo wake akacheka kwa furaha, na Bi Kadi akarudi kulala akageukia ukutani.